Viunga vya Marekani kwa miguu: uchague kipi?

Mgeni kutoka Nairobi au Dar es Salaam akienda Marekani kumtembelea ndugu, mara nyingi hafikii kwenye maghorofa ya sinema. Anafikia kwenye nyumba ya mbao yenye nyasi mbele na magari mawili mlangoni, na mji ulioandikwa kwenye tiketi ya ndege uko nusu saa au zaidi kwa barabara kuu. Hilo ndilo la kawaida huko. Serikali ya Marekani ilipowauliza watu mwaka 2017 waeleze mtaa wanaoishi, zaidi ya nusu walisema wako kwenye viunga, waliobaki wakagawana kati ya mjini na shambani. Basi wenyeji wanatoka asubuhi kwenda kazini, watoto wanachukuliwa na basi la njano, na mama aliyekuja kumlea mjukuu anabaki na televisheni kwa miezi mitatu.

"Huku watu hawatembei kwa miguu, mama," mwanawe humwambia. Kuhusu yeye mwenyewe anasema kweli. Kuhusu mahali, inategemea ni kiunga gani, na tofauti kati ya kimoja na kingine ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Wengi huchagua kwa uzuri: nyumba za matajiri, miti mikubwa, bustani zilizopunguzwa vizuri. Kigezo hicho hakimsaidii mtu wa miguu. Mitaa ya matajiri mingi imejificha nyuma ya ua, na barabara zake hazina hata njia ya miguu. Fungua ramani kwenye simu uangalie jambo moja tu: je, barabara zinapenya? Zikikatana kila baada ya nyumba kadhaa, utatoka kwa njia moja na kurudi kwa nyingine, na dukani utafika. Zikiwa zinajipinda na kuishia kwenye duara la kugeuzia gari, utarudi ulikotoka. Jambo hilo linafuata zaidi mwaka kiunga kilipojengwa kuliko utajiri wa wakazi wake, kwa hiyo nitavipanga kwa umri.

Vilivyofuata reli: Oak Park na Berwyn

Viunga vya kwanza vilifuata treni. Riverside, magharibi ya Chicago, ilichorwa na Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux mwaka 1869 kando ya reli. Shaker Heights, nje ya Cleveland, ilikuzwa na ndugu wawili wa Van Sweringen ambao walijenga reli yao wenyewe ili viwanja vyao viuzike. Ilianza kubeba abiria mwaka 1920 na mpaka leo inafanya kazi. Mnunuzi wa wakati ule alishuka stesheni akamalizia safari kwa miguu. Ndiyo maana viwanja ni vyembamba, nyumba zimekaribiana, maduka yamejazana karibu na stesheni, na njia ya miguu iko pande zote mbili za barabara.

Ukiwa Chicago watu watakuelekeza Oak Park, na hawakosei. Msanifu majengo Frank Lloyd Wright alijenga nyumba yake hapo mwaka 1889, na nyumba alizowachorea majirani bado zimesimama Forest Avenue. Ernest Hemingway alizaliwa mitaa michache kutoka hapo mwaka 1899. Lakini hapo ni pa watalii, na majirani wamezoea kupigwa picha. Kama shabaha yako ni kuona Mmarekani wa kawaida anavyoishi, pita tu. Shuka treni ya Green Line kituo cha Oak Park, shika barabara ya Oak Park Avenue uelekee kusini, usikate kona. Utavuka juu ya barabara kuu ya Eisenhower, magari yakipita chini yako kwa kasi kando ya reli ya Blue Line. Kelele ni nyingi na kivuli hakuna. Ukifika Roosevelt Road, Oak Park imekwisha. Ng'ambo ya pili ni Berwyn.

Berwyn ndiyo ninayoipenda. Ina maelfu ya nyumba za matofali za miaka ya 1920, za ghorofa moja na nusu, ambazo wengi wa wenyewe wa kwanza walikuwa Wacheki waliofanya kazi viwandani. Ukipita kwa gari utasema zote ni moja. Kwa miguu unaanza kuona. Ngazi za mbele zimewekwa ubavuni badala ya katikati. Dirisha la sebuleni limejitokeza nje kidogo, na juu yake kuna vipande vya vioo vya rangi ambavyo havifanani na vya jirani. Matofali ya mbele ni laini, ya rangi ya chokoleti au njano iliyokolea. Ya ubavuni ni ya bei rahisi, ya waridi iliyopauka, na pale kwenye kona yanapokutana ndipo unapoona hela ya mwenye nyumba ilipoishia. Nyuma kuna kichochoro cha mapipa ya taka na mabanda ya magari. Pita na huko, maana kwa mbele Mmarekani huonyesha nyasi, na maisha yake yako nyuma: mtu amelala chini ya gari, watoto wanatupa mpira kikapuni, jiko la mkaa linafuka.

Maili moja kutoka Roosevelt Road utakutana na Cermak Road, iliyopewa jina la Anton Cermak, mzaliwa wa Bohemia aliyefika kuwa meya wa Chicago na kuuawa mwaka 1933 kwa risasi iliyopigwa alipokuwa karibu na Rais mteule Franklin Roosevelt. Wacheki wamekwisha kuhama. Mabango sasa ni ya Kihispania, na mikate mitamu ya Kimeksiko inachaguliwa kwa kikoleo kwenye sinia, unajihudumia mwenyewe. Ukiendelea kusini na Oak Park Avenue utafika stesheni ya treni ya Berwyn, urudi mjini. Safari nzima ni kama kilomita 6, tambarare tupu. Bibi mwenye magoti mabovu anaiweza kwa kupumzika.

Kasoro kubwa ni hali ya hewa. Januari Chicago si mahali pa kutembea kwa starehe, hata kama theluji imekwishaondolewa njiani.

Vya baada ya vita: Levittown

Wanajeshi waliporudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia, nyumba zilikuwa chache. Kampuni ya Levitt ilinunua mashamba ya viazi Long Island, mashariki ya jiji la New York, na kati ya 1947 na 1951 ikajenga nyumba zaidi ya 17,000. Kazi iligawanywa vipande vipande: kundi moja la mafundi linamwaga zege la sakafu, jingine linakuja na mbao, jingine na rangi, kila kundi likihama nyumba hadi nyumba. Modeli ya mwaka 1949 iliuzwa dola 7,990. Serikali ilidhamini mikopo, na askari wa zamani aliweza kuingia bila kutanguliza kitu.

Ukiilinganisha na Berwyn, utaona jinsi gari lilivyobadilisha mambo ndani ya miaka 25 tu. Njia ya miguu ipo, barabara zinapenya japo zimepindapinda, mwendo wa magari ni wa taratibu. Ila stesheni haipo. Treni ya Long Island inakufikisha Hicksville, kisha utafute basi. Na nyumba zimegeuza uso. Kwenye modeli ya 1949 jiko liliwekwa mbele na sebule ikapelekwa nyuma, yenye dirisha kubwa linalotazama bustani. Mpita njia anaona dirisha la jikoni na mlango wa gari. Unaweza kutembea mtaa mzima mchana wa Jumanne bila kumwona mtu zaidi ya mleta barua.

Sasa raha ya Levittown ni nini? Ni kutafuta nyumba ambayo haijaguswa. Zote zilianza zikiwa kijumba kidogo cha vyumba viwili vya kulala, dari yake ikiwa tupu ili mwenyewe aimalizie watoto wakiongezeka. Na kweli watu waliimalizia. Mmoja ameinua paa, mwingine ameongeza chumba cha gari, wa tatu amejenga ghorofa nzima na nguzo mbili za heshima mlangoni. Ukishajua umbo la asili, yaani paa lenye mteremko mkali na bomba la moshi kwa juu, unaanza kulitambua likiwa limemezwa ndani ya nyumba kubwa. Ni mchezo wa bure ambao hauishi utamu haraka, na unakufundisha juu ya familia za huko kuliko jumba lolote la makumbusho: nani alipata hela, lini, na akazitumia kujenga nini.

Lipo pia la kujua kabla hujaenda. Mikataba ya kwanza ya Levittown ilikataza nyumba kukaliwa na mtu asiye mzungu, isipokuwa mfanyakazi wa ndani. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya nchi ilisema mahakama haziwezi kutekeleza masharti ya aina hiyo, lakini kampuni iliendelea kukataa kuwauzia weusi. Familia ya Myers ilipohamia Levittown nyingine, ile ya Pennsylvania, mwaka 1957, umati ulikusanyika nje ya nyumba yao usiku baada ya usiku. Levittown ya Long Island mpaka leo ina weusi wachache sana. Unapotembea pale utalielewa hilo kwa kuangalia tu, na ni sehemu ya sababu ya kwenda.

Onyo moja: Hempstead Turnpike, barabara kubwa inayopita hapo, ina sifa mbaya ya vifo vya waenda kwa miguu. Vukia kwenye taa tu, na ukishavuka ingia mitaa ya ndani.

Vilivyopangwa kwa ajili ya miguu

Viko viunga vichache ambavyo waliovichora walimfikiria mwenda kwa miguu kuliko gari. Radburn, New Jersey, ulianza 1929: nyumba zinatazama bustani na njia za miguu, magari yanaingilia nyuma, na mtoto anakwenda shule kwa kupita chini ya barabara. Mdororo wa uchumi uliukatiza ukiwa haujafika mbali. Greenbelt, Maryland, ulijengwa na serikali ya Roosevelt na kufunguliwa 1937 kwa mpango huohuo, ukiwa na duka la ushirika. Wafanyakazi weusi walishiriki kuujenga, lakini hawakuruhusiwa kuishi humo. Reston, Virginia, ulianza 1964 na una kilomita karibu 90 za njia za miguu msituni na kando ya maziwa. Treni ya Silver Line inafika.

Kwa usalama, hivi vinashinda vyote. Ukiwa na kigari cha mtoto, usihangaike kusoma zaidi: nenda Greenbelt au Reston. Kwa mtu mzima anayetaka kuona watu, mimi huvikuta vimetulia kupita kiasi. Njia inapita kati ya miti, unaona migongo ya nyumba, unasalimiana na mtu na mbwa wake, na baada ya saa moja hujui kama uko kiungani au kwenye hifadhi. Halafu kupotea ni rahisi, kwa kuwa njia za miguu hazifuati barabara na alama za nyumba zimewekwa kwa ajili ya dereva.

Vya barabara zisizopenya

Hapa ndipo ndugu zetu wengi wanapoishi: viunga vya Dallas, Houston, Phoenix, Atlanta, vilivyojengwa kuanzia miaka ya 1970 hadi juzi. Nyumba ni kubwa, bei kwa ukubwa wake ni nafuu, shule ina sifa. Shirika la serikali la mikopo ya nyumba, lililoanzishwa 1934, lilikuwa likiwashauri wajenzi tangu miaka ya 1930 kwamba barabara zinazokatana ni za hatari na za kuchosha, na kwamba barabara fupi inayoishia kwenye duara ni salama kwa watoto. Ushauri ulisikilizwa kupita kiasi. Matokeo yake nyumba mbili zinaweza kupakana ua kwa ua, na kutoka mlango wa moja hadi mlango wa pili kwa miguu ukatumia nusu saa, kwa kuwa kila mtaa una mlango mmoja unaotokea kwenye barabara kubwa.

Humo ndani kutembea si kubaya. Njia ya miguu mara nyingi ipo, na magari ni machache. Kinachochosha ni kurudiarudia. Chama cha wenye nyumba kimeamua rangi za kuta, urefu wa nyasi, na siku ya kutoa mapipa ya taka, kwa hiyo nyumba ya 40 haina jipya kuliko ya 4. Ukifika langoni, njia ya miguu inaweza kukatika ghafla na kukuacha kwenye majani, magari yakikupita kwa maili 45 kwa saa.

Ukilazimika kutembea huku, angalia picha ya satelaiti badala ya ramani ya kawaida. Utaona vitu visivyoandikwa: mfereji wa maji ya mvua wenye kijia pembeni, ukanda wa nguzo za umeme uliofyekwa, bwawa la kuzuia mafuriko lenye bata bukini, uwanja wa shule. Hivyo ndivyo vinavyounganisha mtaa na mtaa. Tafuta pia reli ya zamani iliyogeuzwa njia ya miguu na baiskeli, maana hiyo hupenya kila kitu kwa kuwa ilikuwepo kabla ya nyumba. Illinois Prairie Path inakatisha viunga vya magharibi ya Chicago. Washington and Old Dominion, ya kilomita 72, inatoka Arlington ya Virginia ikipita Falls Church, Vienna na Reston hadi Purcellville. Minuteman Bikeway inaanzia Cambridge, nje ya Boston, inapita Arlington nyingine na Lexington hadi Bedford.

Na hapa niseme jambo ambalo waandishi wa safari hulipita kwa mbali. Mtaa usiopenya hauna wapita njia, kwa hiyo kila mgeni anayeonekana humo anadhaniwa ana jambo lake. Ukiwa mweusi, dhana hiyo inaweza kuwa ya hatari. Februari 2012, Trayvon Martin, kijana wa miaka 17, alikuwa anatoka dukani kurudi alikofikia, ndani ya makazi yenye geti huko Sanford, Florida. Mkazi aliyeongoza lindo la mtaa alimshuku, akamfuata, na kijana akapigwa risasi akafa. Mwaka uliofuata mahakama ilimwachia huru mpigaji. Februari 2020, Ahmaud Arbery, wa miaka 25, alikuwa akikimbia mtaa wa Satilla Shores nje ya Brunswick, Georgia, wanaume watatu weupe wakamfukuza kwa magari mpaka akauawa. Hao walitiwa hatiani kwa mauaji mwaka 2021.

Sisemi usitoke. Watu weusi kwa mamilioni wanaishi kwenye viunga na wanatembea kila siku, na mtaa wa ndugu yako huenda una majirani wa kila rangi. Nasema hili ni sehemu ya ulinganisho. Siku za mwanzo tembea na mwenyeji, majirani wakuone naye. Toka saa zilezile kila siku, mpungie mkono aliye kibarazani, usikatize kwenye nyasi za mtu hata kama ni njia ya mkato, wala usisimame kupiga picha nyumba moja kwa muda mrefu. Makazi yenye geti ni ya binafsi: usiyaingie bila mwaliko. Berwyn na Oak Park hazina shida hiyo kwa kiwango hicho, kwa sababu barabara inayokwenda mahali imezoea watu wanaokwenda mahali.

Vya wahamiaji: Buford Highway na Clarkston

Hiki ndicho kiunga ambacho hakuna kitabu cha utalii kitakusifia kwa sura yake. Kaskazini-mashariki ya Atlanta, Buford Highway inapita Brookhaven, Chamblee na Doraville ikiwa na njia saba: tatu kila upande, na ya katikati ya kukatia kona. Maduka yamejipanga kwa safu fupi nyuma ya viwanja vya maegesho: mgahawa wa Kivietinamu, kinyozi wa Kimeksiko, duka la Kikorea, wakala wa kutuma pesa, kanisa kwenye chumba kilichokuwa duka la samani. Wapangaji wa nyumba za kando ya barabara hiyo wengi hawakuwa na gari, kwa hiyo walitembea tu, njia iwepo isiwepo. Sehemu ambazo zege lilichelewa kufika, miguu ilichimba kijia kwenye majani, chembamba, cha udongo mwekundu, sawasawa na vya kwetu.

Kwa mtu mwenye njaa na udadisi, hapa panashinda Berwyn na Levittown zikiunganishwa. Treni ya MARTA inafika Doraville, na mabasi yanapita barabarani. Lakini usiende kwa kutaka matembezi marefu. Chagua safu mbili tatu za maduka zilizo karibu, tembea humo, kisha panda basi hadi nyingine. Kelele na jua la Georgia la Julai vinamaliza mtu.

Clarkston, mashariki zaidi, ni mji mdogo ambao tangu miongo kadhaa iliyopita umepokea wakimbizi kutoka Vietnam, Bosnia, Somalia, Bhutan, Myanmar, Burundi na Kongo. Kiswahili hapo utakisikia nje ya duka la vyakula, cha Bukavu na cha Bujumbura, na ukisalimia utaulizwa umefikia kwa nani. Watu wanatembea kweli, kwa sababu mji ni mdogo na shule, maduka na nyumba za kupanga viko karibu. Njia ya miguu na baiskeli inayotoka Atlanta kwenda Stone Mountain inapita humo. Kwa mzee asiyejua Kiingereza, naona hakuna kiunga cha kumfaa kuliko hiki, ingawa ndugu wenye nyumba kubwa hawatapenda kusikia hivyo.

Kuvuka barabara

Popote utakapochagua, hatari kubwa ni gari, si mbwa wala mwizi. Mwaka 2022 waenda kwa miguu zaidi ya 7,500 waliuawa na magari Marekani.

Magari huko yanakwenda upande wa kulia, kwa hiyo la kwanza kukufikia linatoka kushoto. Aliyekulia Kenya, Tanzania au Uganda shingo yake inageuka kulia yenyewe, ifundishe upya. Mahali pasipo na njia ya miguu, tembea upande wa kushoto wa barabara, ukiyatazama magari yanayokuja. Kwenye taa, bonyeza kitufe, maana sehemu nyingi bila hicho alama ya kuvuka haiwaki kabisa. Na jambo linalowaponza wageni: dereva anaruhusiwa mahali pengi kukata kona ya kulia hata taa ikiwa nyekundu. Akiwa anafanya hivyo macho yake yako kushoto, anatafuta nafasi kati ya magari, na wewe uko kulia kwake. Usishuke ukingo mpaka umeona macho yake yamekugeukia.

Vyoo vya umma ni adimu. Maktaba ya mji ndiyo tegemeo: ni bure, ina choo, maji na kiti, na haikuulizi unatoka wapi.

Basi uende wapi

Mwenye siku moja tu, na yuko Chicago: Oak Park hadi Berwyn, Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi, Mei au Septemba. Ndiyo saa watu wanapotandaza vyombo vya zamani mbele ya nyumba na kuviuza kwa dola moja moja, na hakuna njia rahisi kuliko hiyo ya kuongea na Mmarekani asiyekufahamu.

Anayependa historia na hajali kuchoka, Levittown, ila ajisomee kwanza. Mwenye watoto, Greenbelt. Mpenda chakula, Buford Highway. Anayetaka kuzungumza na mtu kwa lugha yake, Clarkston. Kiunga cha barabara zisizopenya hakuna anayekichagua. Unajikuta humo kwa kuwa ndipo ndugu yako alipopata mkopo. Hapo mwombe akuache mahali kwenye reli ya zamani akienda kazini Jumamosi, akuchukue mbele yake mchana.

Na kwa wale walio viunga vya Minneapolis, kama Wakenya wengi wa Brooklyn Park, baridi ikishika fanyeni kama wazee wa huko: wanatembea ndani ya majumba ya maduka. Jumba la kwanza kubwa lililofunikwa paa lote, Southdale, lilifunguliwa mwaka 1956 palepale Edina, kusini ya mji, na mengi ya aina hiyo hufungua milango mapema kabla ya maduka kufunguliwa ili watu wazunguke. Utawakuta wawili wawili, wamevaa raba nyeupe, wanapiga soga bila kupunguza mwendo. Kiingilio hakuna, na ukifuata ukuta huhitaji ramani.